Gasketi Kwa Mfuko wa Shati

Marvin uko? Hii isome ukiwa peke yako.

Unakumbuka Jumamosi nilitoa ekzosi ya gari hapa nyumbani nizibe ile shimo? Nilirudisha mwenyewe. Nimefunga bolti zote, nimenawa mikono, ndio naona gasketi mpya imebaki kwa nyasi. Ile ya kuzuia moshi kwa joint, pale bomba zinaungana. Nikaitia mfukoni nikasema itashika tu.

Itashika tu. Nilisema hivyo.

Leo tumemchukua mama ya Rosebella kutoka Moi's Bridge. Akaketi nyuma, mbali na mimi, vile mama mkwe huketi. Baridi kali, madirisha yote tumefunga. Kufika Soy, Rosebella anamwita, hajibu.

Marvin, nilimbeba. Mama mkwe wangu, mtu hata mkono sijawahi kumpa. Nikamlaza kwa nyasi kando ya barabara. Akafungua macho akaona ni mimi nimemshika, akajifunika uso na leso.

Sasa tuko hospitali. Kila mtu anasema ni pressure. Rosebella ameniambia: "Ungeniachia mimi nimbebe." Wazee wao wanapiga simu wakiuliza hiyo aibu nitaiosha aje. Nimeomba msamaha. Msamaha ya kumbeba, Marvin. Ya moshi sijasema.

Halafu mama mkwe mwenyewe ameniita mlangoni, akaongea akiangalia ukuta: "Baba, usijilaumu. Umeniokoa."

Gasketi bado iko kwa mfuko wa shati. Daktari amenipita mara tatu.

Huyo anarudi. Nasimama.