Jaketi Dogo la Kwenda Ziwani

Bibi Mueni, pokea salamu kutoka Riyadh, mtaa wa Al-Shumaisi, ambako ninakaa chumba kimoja na wanaume wenzangu, na ndiyo maana haya siwezi kuyasema kwa sauti, nayaandika kwenye simu nikiwa ndani ya gari la kampuni nikingoja wafanyakazi watoke kazini. Nishike mkono, kwa maana akili yangu imefika mwisho.

Mimi ni dereva, mtu wa Bungoma, na mke wangu, ambaye nitamwita Rael, anafanya kazi ya nyumbani Jeddah kwa familia moja ya Al-Safa, anapika na kulea watoto, kwa hiyo sisi ni mume na mke wa simu, tunaonana mara chache madam wake akimpa Ijumaa na mimi nikipata nafasi ya kupanda basi kwenda huko, tunakaa ufukweni tunakula mkate na samaki wa kukaanga, kisha narudi. Tulikuja huku wote wawili kwa ajili ya mtoto wetu mmoja, Shirleen, tukamwacha kwa mama yangu mzazi tukisema atakula vizuri, atasoma shule nzuri, na akishakua atatusamehe. Hakukua. Homa ilimshika Jumapili, akapelekwa zahanati, akapelekwa hospitali, na kabla ya wiki kwisha ndugu yangu Protus alinipigia simu akashindwa kuongea, nikajua.

Bibi, hatukwenda kumzika. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, ilikuwa imeisha na kafili, mwajiri anayenidhamini, alikuwa bado anashughulikia nyingine, na bila ikama hutoki, nilimwomba bosi akasema subira, subira, na Rael hakumwambia madam wake hata neno moja, aliogopa akilia mbele ya wale watoto ataambiwa hawezi kazi arudishwe moja kwa moja, na hadi leo madam hajui kwamba anayemwogeshea binti yake alifiwa na binti wa umri uleule. Mazishi tuliyaona kwa simu ya Protus. Mimi niliegesha gari kando ya barabara, Rael aliegemeza simu kwenye kopo la chai jikoni huku anamenya viazi ili akiingia mtu amkute kazini. Jeneza likateremshwa, lilikuwa dogo kama kasha, Protus akampa mtu simu amshikie, akachukua jembe, akaliinua, na hapo mtandao ukakatika, picha ikaganda, jembe liko juu. Iliporudi watu walikuwa wanakula. Kwa hiyo sisi udongo hatukuuona.

Kwetu mzazi ambaye hakuwapo, siku akifika haingii nyumba yoyote, anapitiliza kaburini kwanza, analia, anatupa udongo wake kwa mkono, ndipo anapewa maji ya kunywa. Mama amekataa kaburi lisawazishwe. Ameacha kilima vilevile, mvua ikikibomoa anakirundika tena kwa mikono yake, anasema hakisawazishwi mpaka wenyewe waje.

Sasa ndipo linapokuja hili ziwa. Kesho yake baada ya mazishi, jioni, Rael alinitumia video bila salamu. Ni ziwa kubwa huko Kambodia, nyumba zinaelea juu ya maji, kijiji kizima, duka linaelea, shule inaelea, kuku wako kwenye banda linaloelea, watu wanatembeleana kwa mitumbwi, na milima iko kwa mbali kama imechorwa. Chini yake akaandika, tutakwenda hapa. Nikadhani ni uchungu, utapita. Haukupita, kila jioni tangu hapo tunapanga hiyo safari, tunajua maji yanajaa lini na yanapungua lini, tunaijua nyumba ya wageni tutakayolala, ya mbao za buluu yenye maua kwenye makopo mlangoni, tumegombana nani atalala upande wa dirisha, na yule mama anayepita na mtumbwi akiuza tambi tumeshampa jina. Jackton, mwenzangu wa chumbani, hunicheka, ananiambia wewe Mbukusu, Nzoia ikifurika unapanda mti, leo unakwenda kulala juu ya maji, na mimi hucheka naye, kwa sababu hajui kwamba hiyo ndiyo ndoa yangu, haina kitu kingine ndani, jina la Shirleen halijatajwa kati yetu tangu siku ya jembe.

Mwaka huu kwa mara ya kwanza likizo zetu zimeangukia pamoja. Mama akapiga simu akasema mikono yangu imechoka, njooni mniondolee hiki kilima. Nikamwambia Rael twende nyumbani kwanza. Akasema polepole, “Ukinipeleka Bungoma, utarudi peke yako.” Halafu akaniuliza kama kule ziwani kuna umeme wa kuchajia simu.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Jeddah. Alikuja na begi akanionyesha alivyonunua vya safari, kofia, kandambili, dawa ya mbu, na chini kabisa jaketi la kuelea, lile la rangi ya machungwa, dogo. Bibi, dogo. La mtoto. Nikamuuliza ni la nani. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mjinga.

“Huko watoto hawaachwi bila jaketi,” akasema, akalikunja, akalirudisha.

Nilimaliza ule mkate nikapanda basi.

Nimekata shauri, au karibu. Rael hajui habari za njia za ndege, nataka nimkatie tiketi ya Nairobi nimwambie ndiko tunakobadilishia ndege ya kwenda ziwani, Protus atungoje uwanjani na gari, akija kushtuka tuko njia ya Bungoma. Kuna nesi Mkenya huko Jeddah, Kemunto, ambaye Wakenya husali kwake Ijumaa, nilimdokezea akaniambia nisithubutu, lakini yeye hana mtoto aliyezikwa, atajua nini. Au nimpeleke ziwani, jaketi na yote, aone kwa macho yake kwamba hakuna mtoto? Mama anazeeka akirundika udongo, mke wangu ananiponyoka nikimwona, na mimi siku hizi nikisimama kwenye taa za barabarani naomba zisiwe kijani, nikae tu pale, nisiende popote. Bibi, nimdanganye au nimwachie ziwa lake?

Dereva wa Al-Shumaisi


BIBI MUENI ANAJIBU

Dereva, mwanangu. Mimi sikwenda shule, mjukuu wangu Rita ndiye anisomeaye na kuniandikia, na alipofika kwenye jaketi alisita akataka kuruka. Nikamwambia soma. Akasoma. Chai yetu imepoa hapa na hakuna aliyeigusa. Pole sana wewe, pole kwa Rael, na pole kwa Shirleen, ambaye nitamtaja mimi kwa kuwa nyinyi mmeshindwa.

Sasa nikugombeze.

Hiyo hila ya uwanja wa ndege iondoe kichwani leo. Mama hapelekwi kwa mtoto wake kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Ukimpitisha njia ya uongo akajikuta kaburini ghafla, hatamlilia Shirleen, atalia kwa ulichomfanyia wewe, na baada ya hapo hatakuwa na mtu wa kumwamini duniani. Una mtu mmoja, na yeye ana mmoja. Unataka kuukata huo uzi nao? Kemunto alikuambia kweli, wewe ukamtupia kwamba hana mtoto aliyezikwa. Haya, mimi ninao wawili, Musyoka na mdogo wake aliyekufa kabla hatujampa jina. Basi nisikilize mimi: usithubutu.

Na hilo la kumpeleka ziwani aone kwamba hakuna mtoto ni baya zaidi. Rael si mjinga wa kufundishwa kwa kuonyeshwa. Aliyenunua lile jaketi anajua mtoto wake alipo, anajua kuliko wewe, ila mikono yake ndiyo haijajua. Nilipomzika Musyoka, kichwa changu kilikuwa bado kinamngoja aingie mlangoni aseme njaa inamuuma. Ni mkono uliojua kwanza, ule udongo ulipotoka kiganjani. Kichwa kilikuja kuufuata baadaye sana, tena kwa shida. Sasa nyinyi, mikono ya mmoja ilikuwa kwenye usukani na ya mwingine ilikuwa inamenya viazi. Ingejuaje?

Tena wewe. Umeandika Rael hivi, Rael vile, mama hivi. Wewe uko wapi? Nani mwingine aligombania upande wa dirisha? Nani alisaidia kumpa jina muuza tambi? Rael hakai peke yake kwenye hiyo nyumba ya buluu, dereva, mnakaa wote wawili, na wewe unamtanguliza yeye mlangoni ili usionekane. Dunia ina pa kwenda pengi. Kuna milima, kuna miji ya taa. Nyinyi mkachagua kijiji ambacho hakina udongo hata wa kujaza kiganja. Sikuhitaji shule kuliona hilo. Na desturi za watu wa huko sizijui, lakini najua wanakufa kama sisi, na maji hayamshiki mtu. Wakifiwa nao watakuwa wanapiga kasia kutafuta nchi kavu.

Fanya hivi. Leo, kabla hujala, mpigie Kemunto umwombe msamaha. Kisha umwombe awe anampigia Rael kila siku na kumwona kila akipata ruhusa, kwa sababu yale maneno ya wewe kurudi peke yako si maneno ya kuyapita. Yeye ni nesi, anajua daktari wa huzuni ya namna hii, amwelekeze Rael bila haya. Na wewe unayeomba taa zisiwe kijani, daktari huyo ni wako pia. Ulidhani hapo nimesinzia?

Ukifika Jeddah usimwambie tena twende nyumbani kwanza, kana kwamba kaburi la mtoto ni stendi ya kubadilishia basi. Mshike, umwambie hivi: “Shirleen amekufa, na mimi sijamzika, na naogopa kwenda peke yangu. Nisindikize.” Usiongeze. Ukilia hapo ufukweni lia, watu wa huko nao wana watoto.

Akikubali, au hata akinyamaza lakini asikuachie mkono, kata tiketi iliyoandikwa Nairobi, aishike mwenyewe aione. Jaketi aje nalo. Usilifiche, usilitupe, usimuulize tena ni la nani. Ukilichukua utakuwa umemnyang'anya mtoto mara ya pili. Akifika atajua pa kuliweka, na kama atataka kurudi nalo Jeddah, arudi nalo. Mwambie mama yako asiite kijiji, asilete kwaya, asichinje. Awe yeye na Protus basi.

Akikataa, usimvute. Ahirisha vyote, ziwa na Bungoma, tafuta pa kulala kwa wenzako wa Jeddah, likizo yako yote uwe karibu naye, na kila mkionana mtaje mtoto kwa jina, alivyopenda, alivyokasirika, alivyowaaga. Mama yako atarundika udongo msimu mwingine. Sisi wazee kungoja tunakujua, hatukufundishwa kingine. Lakini mpigie umwambie kweli, asifikiri amesahauliwa pale na lile jembe.

Na madam wa Rael, siku Rael mwenyewe akiwa na nguvu, aambiwe. Sikuahidi atajibu nini. Lakini kumwogesha mtoto wa mwenzio kila jioni huku umemeza jina la wako, hiyo kazi haina mshahara wa kuitosha, na mtu akiifanya muda mrefu ndipo anaponunua jaketi.

Sikudanganyi kwamba mtapona. Mimi sijapona, na watoto wangu wangekuwa na wajukuu sasa. Unachopata ni mahali pa kuuweka huo uzito, ukitaka kuukuta unajua uko wapi, na siku nyingine unapita bila kusimama. Nyinyi hamna hata hapo mahali, ndiyo maana mnaelea.

Ziwa litangoja. Mkienda siku moja nitafurahi, lakini mwende wawili, mkijua mko wawili.

Protus ameshikilia lile jembe juu mpaka leo, mwanangu. Nendeni mkamsaidie kuliteremsha.