Samaki wa Daktari na Kijicho Changu

Chumba cha uani,
Nyuma ya karakana ya baiskeli.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla ya yote niambie hali yako. Goti linaendeleaje? Bado linakusumbua ukiinuka, au ile dawa ya kuchua imelituliza? Na macho je? Najua barua hii anakusomea binti yako, kwa hiyo naye nampa salamu zake hapahapa mwanzoni, asije akanuna akasoma harakaharaka.

Sisi huku hatujambo. Baba Kijino yuko safarini na lori lake, anarudi mwisho wa mwezi. Kijino ametimiza miaka mitatu, meno yamejaa kinywa kizima, lakini jina limeshamganda.

Leo nimeketi kukuandikia kwa sababu nina jambo rohoni, na wa kumwambia ni wewe uliyenilea. Unakijua kijicho changu tangu kinaota. Unakumbuka kiatu kipya cha binti yako, kile kilichopotea upande mmoja? Nilikitupa mimi nyuma ya pipa la maji. Dada, hapo usiruke, msomee mama. Miaka yote mlimsingizia mbwa wa jirani.

Nilikwambia nafanya usafi kwa daktari wa meno. Basi daktari aliweka tangi la samaki kwenye chumba cha kusubiri, ili watoto wanaoogopa koleo watulie. Ni tangi kweli, shangazi! Refu kuliko kitanda chetu, na nikitaka kugusa chini lazima nilowe mpaka kwapani. Mimea yote nimeipanda kwa mkono wangu, shina mojamoja, majani mapana nyuma, nyasi fupi mbele, gogo katikati. Tulikaa wiki sita bila samaki hata mmoja, tunasubiri maji yakomae yafae samaki kuishi, na wagonjwa wananitania, "Dada, majani yako hayajambo?"

Kisha daktari akasema anataka mtu wa kulitunza. Atakayechagua samaki wa kufaa ndiye atakayepewa kazi hiyo, na zamu yake itaishia saa sita mchana. Saa sita, shangazi! Mimi natoka jioni. Nikifika kwa jirani anayenishikia mtoto, Kijino ameshakula, ameshaogeshwa. Mwezi uliopita alimwita jirani "mama", mimi akaniita "dada". Nilicheka nao pale mlangoni. Nyumbani nikalia nikiwa nimeshika sufuria.

Sasa, mapokezi yuko mwenzangu tunamwita Dada Kucha, kwa zile kucha zake nyekundu ndefu. Ana sauti nzuri, amesoma, simu yake kubwa kama kitabu. Naye aliitaka kazi hiyo. Na mimi, nisikufiche, nilikuwa namwonea wivu hata kabla ya samaki. Akicheka, daktari anacheka. Mimi nikipita na ndoo, watu wananyanyua miguu tu.

Jumamosi nilimbeba Kijino tukaenda kwa muuza samaki wa mapambo. Tulisimama pale mpaka akatuhurumia. Akanifundisha. Akasema, "Dada yangu, hawa wadogo ni samaki wa kundi. Ukiweka wawili unawatesa. Na samaki hamhesabu wa aina nyingine kuwa mwenzake, hata wakae jani moja." Kwa tangi kubwa lenye mimea, akasema, chukua aina moja, ishirini na watano, wapole wasiouma mapezi ya wenzao, na vikambale sita wa kutambaa chini. Wa kundi akanionyesha neoni, wadogo kama kidole cha Kijino, wenye mstari wa buluu unaowaka. Nikaandika yote nyuma ya karatasi ya dawa.

Jumatatu daktari akatuita. Dada Kucha akafungua simu: wawiliwawili, aina kumi, kila rangi uijuayo. Ilikuwa kama duka la shanga. Daktari akapiga makofi. "Hili ndilo jicho!" Akanigeukia, "Na wewe?" Nikaishika karatasi yangu ndani ya aproni. Aina moja, rangi moja. Nikasema, "Sina la kuongeza, daktari."

Ungesema niliona haya. Kidogo, ndiyo. Lakini shangazi, nilijua wale samaki hawatakaa vizuri, nikataka yeye aaibike.

Akaaibika. Siku ya tatu baada ya kuletwa, samaki wote walijificha kwenye majani yangu. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mbona hili tangi halina kitu?" Wenye milia walikuwa wakiwang'ata wale wa mapezi marefu mpaka yakabaki matambara. Dada Kucha anagonga kioo kwa kucha, "Jamani tokeni, watu wanawasubiri!" Mimi napiga deki na roho yangu imetulia, Mungu anisamehe. Samaki watano wakafa.

Kati ya waliokufa alikuwamo neoni mmoja. Akabaki mwenzake. Nikiwa nasugua kioo cha pembeni nikamwona anapanda na kushuka palepale konani, anafuatana na sura yake mwenyewe kwenye kioo. Akigeuka, sura nayo inageuka. Nilimaliza vyumba vyote, nikarudi, bado yupo. Kesho yake yupo. Hakuacha hata wakati wa kula.

Nikashindwa. Nikaitoa karatasi nikaiweka mapokezi. Dada Kucha akaisoma, akaitazama ilivyochakaa kwenye mikunjo.

"Umeiandika lini hii?"

"Kabla hawajaja."

"Ukaniacha nigonge kioo kama mwendawazimu mbele ya watu?"

"Ndiyo."

"We mwanamke una roho, we!"

Akainuka nayo moja kwa moja kwa daktari. Nikajua basi, anakwenda kuifanya yake. Nikamsikia mlango ukiwa wazi: "Daktari, samaki wangu wamefeli. Aliyelisoma somo ni huyu hapa, ila alificha daftari."

Daktari aliniita, akanitazama mpaka nikaona aproni inanibana. Akasema, "Wamekufa watano, na ulijua." Kisha akasema, "Kazi ya tangi chukua. Lakini ukiona kitu, sema siku hiyohiyo, hata kama sijakuuliza."

Kwa hiyo, shangazi, tangu wiki iliyopita natoka saa sita! Mchana namlisha mwenyewe, namwogesha mwenyewe. "Dada" imebaki siku mojamoja, nayo itaisha.

Waliosalia muuza samaki aliwachukua, tukabaki na yule wa konani tu. Tukaleta vikambale sita na neoni ishirini na watano. Mchana, nikishaondoka, anayewalisha ni Dada Kucha. Na unajua wamefanya nini? Wamezizoea zile kucha. Akinyoosha kidole tu wanageuka wote kwa pamoja, wanamfuata kioo kizima, na mimi niliyepanda nyasi nasimama hapo kama nguzo. Anafanya makusudi. "Njoo uone wanangu," ananiambia. Wivu uko palepale, shangazi, ila sasa nausema, na yeye anacheka mpaka anashika meza.

Jana nilimpeleka Kijino akawaone. Kundi likapita mbele yetu kama kitambaa kinachopepea. Nikamsimulia habari ya yule aliyekuwa peke yake. Akabandika pua kwenye kioo, akauliza, "Yuko wapi?" Nikatafuta. Nikatafuta tena, mimi niliyemtazama siku zote zile. Sikumjua.

Nikakukumbuka wewe, na wale wageni waliokuwa wakija kwako wakatutazama sisi wawili tumekaa mkeka mmoja, wakauliza yupi umemzaa na yupi ameletwa, nawe unawajibu, "Hata mimi nimesahau."

Msalimie mjomba wa dukani na bibi wa nyumba ya mbele. Dada, kiatu nitakulipa, chagua rangi. Mungu akulaze salama, akuamshe na goti jepesi, anikutanishe nawe Kijino akiwa bado anabebeka.

Ni mimi wako akupendaye, yule wa kuletwa,
Mama Kijino