Herufi Chini ya Daraja: Kikao cha Tano cha Kamati ya Jubilei ya Saa za Thiébaulet

Tarehe: Ijumaa, 14 Aprili 1967
Mahali: Chumba cha juu, kiwanda cha Thiébaulet, La Sagne

WALIOHUDHURIA
Bw. Edgar Thiébaulet – Mwenyekiti (mwana wa marehemu Walter Thiébaulet)
Bi. Odette Huguelet – Mjumbe, msimamizi wa chumba cha warekebishaji
Bw. Numa Calame – Mjumbe, mchonga nakshi
Bw. Armand Jacquenoud – Katibu

MWALIKWA
Bi. Mélanie Sauser – mrekebishaji mstaafu, miaka 76

ASIYEHUDHURIA
Bw. Ulysse Vuagnat – ana homa, kama ilivyo desturi yake siku za vikao.

KUMB. NA. 1/5/67: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 10:04 alasiri. Katibu aliomba dakika nne hizo ziandikwe, kwa kuwa sisi ni watengeneza saa, si wauza jibini. Bw. Calame alisema, "Haya, Armand kaanza."

KUMB. NA. 2/5/67: HISTORIA YA KIWANDA
Katibu alisoma muhtasari. Mzee Célestin, mkulima, alianza kutengeneza saa mwaka 1867 kwenye dirisha la jikoni kwake, theluji ikiwa imeziba mlango wa zizi. Mwaka 1889 kiwanda kilitoa saa yake ya kwanza ya kugonga kila robo saa. Mwaka 1921 ikatoka springi ya baridi, nyembamba kuliko unywele, ambayo ncha yake hupindwa kwa namna inayoifanya saa isipoteze majira hata kwenye baridi ya Januari. Springi hiyo ndiyo iliyotufikisha kwenye mifuko ya wafalme. Katibu alikumbusha kwamba habari hizi zimo katika kijitabu alichokiandika yeye mwenyewe mwaka 1942. Wajumbe walimpongeza. Bi. Huguelet hakumpongeza.

KUMB. NA. 3/5/67: MANENO YA JIWE
Bw. Calame alieleza kwamba jiwe la kumbukumbu la mlangoni lazima aanze kulichonga Jumatatu. "Nipeni jina moja la uhakika," alisema. "Nikishachonga nimechonga. Jiwe halina kifutio."

Mwenyekiti alisoma rasimu: WALTER THIÉBAULET, MVUMBUZI WA SPRINGI YA BARIDI, 1921.

Bi. Huguelet alipinga. Alieleza kwamba ushahidi wote wa jina hilo ni herufi moja, iliyokwaruzwa kwa sindano ndani ya saa ya kwanza, chini ya daraja, yaani kile kipande cha shaba kinachoshika springi. Kila fundi huacha alama yake mahali ambapo mnunuzi haoni. Kijitabu kinasema herufi hiyo ni W, yaani Walter. Bi. Huguelet alisema si W hata kidogo. Ni M, na mwenye M yumo humu ndani.

Mwenyekiti alighadhibika. "Odette, huyo unayemvua nguo hadharani ni baba yangu!"

"Simvui nguo, Edgar. Namvua kilemba cha ukoka. Na hakujivika mwenyewe, kavikwa na Armand."

Katibu aliomba maneno hayo yafutwe. Mwenyekiti aliagiza yaandikwe. Yameandikwa.

KUMB. NA. 4/5/67: KUPIMA HERUFI
Bi. Huguelet alieleza kwamba waunganishaji wa vipande vya saa, ambao ni wanaume, hulishika daraja mguu wake, yaani ncha inayofungwa kwa skrubu, ukiwaelekea. Warekebishaji, wanaopinda springi na ambao tangu zamani ni wanawake, hulishika mguu ukielekea mbali nao, ili springi iwe karibu na jicho. Kwa hiyo alichokiandika mwanamke, mwanamume hukisoma kichwa chini: M yake huwa W. Bw. Calame alisema, "Lo! Miaka arobaini na sita."

Bi. Sauser alipewa daraja jipya na sindano. Aligeuza mguu uelekee mbali naye, akakwaruza herufi yake kwa mkono wa kushoto. Wajumbe walipokezana lenzi, wakailinganisha na ile ya saa ya kwanza iliyokuwa mezani. Herufi zote mbili zilikuwa na mkia uleule mdogo kwenye mstari wa mwisho. Mkia huo Katibu aliueleza mwaka 1942 kuwa ni "madaha ya bwana mkubwa".

Mwenyekiti aliiweka lenzi mezani. Kisha alieleza kwamba utotoni aliwahi kumuuliza baba yake springi ile inafanyaje kazi. "Akaniambia, 'Kamuulize Mélanie.' Nilidhani ananifukuza nisimsumbue."

Alimuuliza Bi. Sauser, "Mama, mbona hukusema?"

"Nilisema, mwanangu. Kijitabu kilipotoka nilipanda hadi ofisini. Nikamwambia karani, hii herufi ni yangu. Akanijibu, 'Mama, rudi kwenye springi zako. Historia tuachie sisi.' Nikarudi."

Mwenyekiti aliuliza ni karani gani. Bi. Sauser alisema hakumbuki, kwamba ni zamani, na kwamba asionewe mtu. Alisema hayo akiitazama meza.

Katibu anaandika kwamba Bi. Sauser anakumbuka. Karani huyo ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na kijitabu kilikwisha chapishwa, na nilimfungia mlango kabla hajafika kwenye ngazi. Nimeona haya miaka ishirini na mitano kila ninapopishana naye kanisani, na ndiyo sababu hukaa upande wa pili. Nililisema hili kikaoni kwa sauti, nikamwomba radhi. Alijibu, "Andika, Armand. Wino unakauka."

KUMB. NA. 5/5/67: UAMUZI
Ilipitishwa bila kupingwa kwamba jiwe lichongwe: MÉLANIE SAUSER, MREKEBISHAJI, MVUMBUZI WA SPRINGI YA BARIDI, 1921. Pendekezo lilitolewa na Mwenyekiti, likaungwa mkono na Katibu. Kijitabu cha 1942 kimeondolewa kwenye maonyesho.

KUMB. NA. 6/5/67: KUFUNGA
Kikao kiliisha saa 11:37 jioni. Bi. Huguelet alikata mkate mtamu, na hakuna aliyeondoka mapema.

Sahihi:
E. Thiébaulet, Mwenyekiti
A. Jacquenoud, Katibu

Mwenyekiti aliagiza kwamba mwalikwa naye atie sahihi. Bi. Sauser alikigeuza kwanza kitabu hiki cha kumbukumbu juu chini, kisha akaandika herufi yake. Atakayesoma ukurasa huu baadaye, tafadhali akigeuze kitabu. Hiyo si W.