Kopo Nililokunyima

Mwanangu Beno,

Barua hii haina posta ya kuipeleka, nalijua hilo. Ulipo napajua mimi: makaburini kwa misheni, pembeni ya baba yako, mstari wa pili. Naiandika wazi, na anayetaka kuisoma aisome, maana jambo lenyewe nililifanya hadharani.

Jumamosi hii tunaondoa tanga lako. Mwaka umetimia. Baba yako mdogo Antoni alikuja asubuhi moja, akakaa pale barazani, akasema, "Shemeji, pombe ya tanga unapika wewe." Nikamwambia mimi tangu ulipofariki sijagusa pipa. Akasema, "Sasa apike nani? Unataka watu waje kumlilia Beno wanywe maji ya kuoshea vyombo?" Na kweli, mwanangu, wewe unajua. Ifakara nzima hii, hadi watu wa Kisawasawa, walikuwa wanasema pombe ni ya Mama Beno, nyingine ni uji uliochacha. Sijisifu. Waliokunywa wapo.

Kwa hiyo nimeloweka mahindi, yameota, nimeanika kimea, nimesaga. Na kila nikikoroga nakuona wewe.

Nakuona una miaka sita, umesimama na kikombe chako cha bati. Siku ya kwanza pipa lilikuwa lenu watoto, bado togwa, tamu. Ulikuwa unakunywa mpaka tumbo linang'aa, halafu unasema, "Mama, usiwape wakubwa, wataliharibu." Siku ya tatu ukipita karibu unaziba pua. "Linanuka kama soksi za baba!" Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Mwenyewe alikuwa anaipenda hiyo hiyo ya siku ya tatu, chungu, ya kukunja uso. Lakini alipozeeka, na meno yamemwisha, alirudi kuniomba ya siku ya pili, ya uvuguvugu, isiyompigia kelele tumboni.

Nimewauzia watu pombe miaka mingi, na ulimi wa binadamu nimeusoma kuliko nilivyosoma vitabu, maana kitabu niliishia darasa la nne. Kijana anataka tamu. Akiota ndevu anataka kali, si kwamba anaipenda, anataka aonekane anaiweza. Wewe ulianza hiyo kali mwaka ulipomaliza la saba. Uliiba kibuyu, mkanywa na wenzako kwenye majaruba, ukarudi umetapika hadi kwenye shati la kanisani. Nilikufulia huku nakuchekea. Sikukuchapa. Nilimwambia Mama Sesilia, jirani yetu, "Mwanangu kawa mwanaume."

Halafu ukawa fundi wa matrekta kwenye shamba kubwa kule upande wa Chita. Siku uliyoshuka kwenye treni na kreti la bia begani, buti zimepakwa dawa ya viatu, nilidhani moyo wangu utatoka. Ukafungua moja kwa meno, ukanipa. "Mama, onja na wewe ya kiwandani." Nikaonja. Chungu kama mwarobaini! Lakini Mama Sesilia alikuwa anachungulia uani, basi nikasema kwa sauti, "Aa, tamu hii!" Wewe uliniangalia, ukacheka chini chini, nami nikaona kwamba na wewe bado hujaizoea.

Ulikunywa hivyo hivyo. Na mimi zile chupa tupu nilizichimbia shingo chini, nikazipanga pande zote mbili za njia, kutoka mlangoni mpaka barabarani. Kila ukija likizo njia inaongezeka. Miaka ile ya mwanzo wa tisini hakuna nyumba mtaani kwetu iliyokuwa na njia ya chupa. Wateja wakinitania, "Mama Beno, mwanao huyo mbona hatukai naye benchi moja?" nawajibu, "Mwanangu hanywi vya kopo. Ninyi kunyweni, mwondoke." Wanacheka, nami najiona malkia.

Kisha wakawapunguza kazini. Ulirudi na begi moja na spana zako. Sikumwambia mtu. Nilisema uko likizo. Likizo ikafika miezi mitatu, nami bado nasema likizo.

Sasa nafika pale, mwanangu. Ilikuwa Jumamosi mchana, kilabu kimejaa. Ulitoka ndani, ukaenda kukaa na wazee kwenye benchi, ukasema kwa upole kabisa, "Mama, nipe kopo moja la pombe yako. Nimeikumbuka." Mzee mmoja alikuwa ameshaanza kukupimia. Ukapokea, kopo limejaa, bado hujalitia mdomoni. Nami, mbele ya watu wote, nikakuambia, "Beno, weka chini hiyo! Wewe mtu wa chupa, unataka kuniaibisha?"

Watu walicheka. Mlevi mmoja akapiga makofi, "Bosi karudishwa dukani kwenye chupa zake!" Wewe hukucheka. Uliweka kopo kwenye benchi taratibu, hata tone halikumwagika. Ukasema, "Sawa, mama."

Kumbe ulimi wako ulikuwa umerudi nyumbani, mimi nikaufungia mlango.

Kuanzia hapo ukawa unakwenda Michenga, kwenye matete, wanakopikia gongo kwa kujificha. Kule hakuna mama wa kukuona. Nilikuuliza siku moja, "Lakini Beno, ile ina utamu gani?" Ukanijibu, "Haina utamu, mama. Siku hizi sisikii ladha. Nasikia moto tu, ukizimika natafuta mwingine." Nilikupikia samaki, perege wa mtoni uliokuwa unawagombania na dada zako, ukala vipande viwili vitatu ukasukuma sahani. Macho yakawa ya njano. Tumbo likajaa maji. Daktari akasema ini, akasema tumechelewa. Hukufika miaka thelathini.

Nilikuzika vizuri. Kwaya mbili, jeneza la mninga, watu walivuka mto kwa mitumbwi, na mafuriko yote yale. Hata hapo nilijikuta nawahesabu watu, namwonyesha Mama Sesilia. Ndivyo nilivyo. Ila jioni ile nilizing'oa zile chupa zote kwa jembe, mikono ikatoka damu, na njia ikabaki mashimo mashimo.

Wenzako wa matrekta wanasema wataleta bia Jumamosi. Walete. Lakini kwetu unajua ilivyo: mpishi wa pombe ya tanga anapiga magoti, anakunywa yeye kwanza, halafu anamwambia marehemu lililoko moyoni. Asiposema kweli, wazee wanasema marehemu hapokei. Mke wa Antoni, anayeijua habari hii, amenishauri, "Sema tu pumzika kwa amani, dada, yaishe. Utawapa watu cha kusengenya mpaka Pasaka." Nimelifikiria sana neno lake. Mimi na kuchekwa hatupatani, unanijua.

Pombe nimeionja leo kujua kama imeiva. Imeiva, wengine wamesema nzuri. Mimi mdomoni sikuona kitu, ilipita kama maji.

Jumamosi nitapiga magoti, Beno. Nitakunywa. Halafu nitawaambia wote, wazee na wenzako na Mama Sesilia: huyu mtoto aliomba pombe ya nyumbani kwao, kwa adabu, na mimi mama yake nilimfukuza benchini ili nisichekwe. Wakicheka, wacheke. Wewe usiondoke mpaka nimalize.

Ni mimi niliyekuzaa na kukuringia,
Mama yako