Mkanda wa Baba Kulwa

Baba Kulwa,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba mkanda wako, wenye matundu matano ya kiwandani na matatu uliyotoboa kwa msumari, umestaafu rasmi. Sasa unafunga mlango wa banda la mbuzi hapa Mkolani. Mbuzi hawajatoa maoni.

Yale matundu ya msumari nayaona kila asubuhi. Namkumbuka daktari wa Sengerema alivyotueleza: koo lako linajiziba ukilala, ndiyo maana unakoroma, halafu unanyamaza, mpaka nikupige kiwiko ndipo pumzi irudi. Dawa, akasema, ni kupunguza mwili. Kwenye kivuko tulirudi tukicheka, dawa gani hii isiyouzwa dukani.

Ukapunguza. Nilikuwa nakupima kwa mizani yako ya kununulia pamba, umening'inia kama gunia, miguu umeikunja. Tundu la kwanza, la pili, la tatu. Mkoromo ukafifia. Kanisani ukabaki macho hadi mwisho wa mahubiri, ukatoka ukilalamika kwamba kumbe siku zote ni marefu vile.

Lakini Mwanza ya siku hizi mtu hakondi bure. Sokoni wakaanza: Baba Kulwa kakanyaga miwaya, ana UKIMWI. Wakulima wa Magu, ambao tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe walikuamini kwa kitambi chako, wakapeleka pamba kwa wengine. Dada yako akaja kutusalimia, akawa ananitazama mimi, siyo wewe.

Mimi niliyekwenda nawe kwa daktari. Mimi niliyekushikia mkanda ukitoboa. Mimi ndiye niliyesema, "Kula, baba. Watu wanasema."

Hukubisha. Ulivuta tu sahani ya ugali. Laiti ungebisha.

Msimu wa pamba haujaisha, mkanda ukawa umerudi kwenye tundu lake la zamani. Wakulima wakarudi. Mkoromo nao. Kisha nikaenda Magu harusini, siku mbili tu, na kiwiko changu nikaenda nacho.

Nyumba imekuwa kimya mno. Bado naupiga mto wako kiwiko, nasubiri.

Basi pumzika, Baba Kulwa. Nakuahidi, atakayeniuliza nitamwambia ukweli wote: koo lako, ugali, na maneno yangu.

Hakuna anayeuliza. Sokoni wanasema ulikufa kwa UKIMWI.