Anayeuliza Tunakwenda Wapi, Anabaki

Mwaka umegeuka, Baba, tangu Jumamosi ile ulipokaa kwenye ngazi za nyumbani na usinyanyuke tena.

Shangazi alitaka tuandike kwamba ulilala usingizi wa amani. Tumemkatalia. Hukulala. Ulikaa, mkoba wako wa vifaa magotini, nasi watoto wako watatu tukakaa nyuma yako tukisubiri useme neno. Shangazi, ambaye ni dada yako na anakujua kuliko sisi, anasema tangazo la kumbukumbu haliandikwi kwa hasira, watu watatuonaje? Tumemwambia watu waje watuulize. Siku hizi katika nyumba hii kuuliza kunaruhusiwa.

Ulikuwa fundi wa lifti. Ulikuwa ukiweka sikio mlangoni na kufumba macho, ukasikiliza kamba za chuma zikipita ndani, kisha ukatunong'oneza, "Huyu anakohoa," au "Huyu ana kiu ya mafuta." Ulitengeneza lifti za mji mzima, ila ya jengo letu imekufa tangu kitinda mimba wako hajazaliwa, kwa sababu mwenye nyumba hataki kununua mota. Kwa hiyo fundi wa lifti alipanda kwa miguu mpaka ghorofa ya nne kila siku ya Mungu. Mganga hajigangi, majirani walikutania, nawe ulicheka kuliko wao. Utani huo hautuchekeshi tena.

Jumamosi ilikuwa yetu. Mama, akiwa kwenye cherehani na nguo za wateja zimemzunguka, alitufukuza kwa maneno yaleyale: "Haya, tokeni, mnipumzishe masikio." Ulivaa viatu, ukabeba mkoba wa vifaa hata siku isiyo na kazi, ukasimama mlangoni kutoa sheria yako moja.

"Anayeuliza tunakwenda wapi, anabaki."

Hakuna aliyewahi kubaki. Hata kitinda mimba wako, uliyemwita Kasuku, na jina hilo hakulipata bure, aliziba mdomo kwa mikono miwili njia nzima. Na kufika nako kulikuwa mikononi mwako. Tungeweza kusimama mahali mpaka miguu iume, lakini hatukuwa tumefika mpaka uvue kofia na kusema, "Tumefika."

Ulitupeleka stesheni kuwapungia mikono abiria tusiowajua. Kila mmoja wetu ulimpa abiria wake wa kumlilia. Kaka yetu wa katikati, uliyemwita Mzee kwa sababu hutembea mikono nyuma kama mtu mwenye wajukuu, alimlilia mama mmoja mwenye sanduku kwa bidii mpaka yule mama akashuka kuuliza mtoto huyu kapotelewa na nani. Treni karibu imwache.

Siku nyingine uliamua tumfuate mtu wa kwanza tutakayemwona na kofia nyekundu. Yule bwana alikata kona, nasi tukakata. Akaongeza mwendo, nasi tukaongeza. Mwishowe akageuka na mwavuli kauinua.

"Mnanitakia nini, nyie?"

"Hatukutakii kitu, kaka," ulimjibu. "Tunatembea tu, tukaona wewe una pa kwenda."

Alitutazama mmoja mmoja, akafika kwa Kasuku aliyekuwa bado kaziba mdomo, akacheka mpaka mwavuli ukamponyoka. Tulikunywa maji nyumbani kwake, na mkewe akatuuliza kama akili zetu ni timamu.

Halafu kuna siku ile ya jengo la maofisi, lilipokuwa tupu. Ulisimamisha lifti kwa makusudi katikati ya ghorofa na kuzima taa. "Lifti ikikwama," ulisema gizani, "hakuna kupiga kelele. Kaa chini, tulia. Mtu atakuja." Tulikaa, tukatulia, ukatushika vichwa mmoja baada ya mwingine kuhakikisha tupo. Ulipowasha taa ukavua kofia ukasema tumefika, na wala hatukuwa popote. Tulikupenda siku hiyo kupita kiasi.

Ndiyo maana tuna hasira nawe. Baba wa hovyo asingetuuma hivi.

Mwaka wako wa mwisho zilianza safari za samaki. Ulitupeleka hospitali, ukatukalisha kwenye benchi la mapokezi mbele ya lile tangi kubwa la kioo, ukasema unapanda juu kuisikiliza lifti yao, inakohoa vibaya. Tuhesabu samaki, na tukikubaliana wako wangapi, biskuti ni juu yako. Samaki hawatulii, hatukukubaliana hata mara moja, na biskuti ulitununulia vilevile. Tulizipenda sana safari hizo. Kasuku aliwapa samaki wote majina ya wateja wa Mama.

Mara moja ulishuka na pamba imebandikwa kwenye mkono. Mzee aliiona.

"Baba, hapo mkononi mbona..."

"Mzee," ulimwambia, unatabasamu, "unataka kubaki?"

Mzee akarudisha mikono nyuma akanyamaza. Alikuwa mtoto mtiifu, ulimlea vizuri. Hilo nalo tunakudai maelezo.

Jumamosi ya mwisho tulitoka kama kawaida, wewe mbele, sisi nyuma kwa mstari. Ghorofa ya pili ulishika ukuta, ukakaa kwenye ngazi. Hukusema kitu. Tulitazamana. Mimi, kifungua mimba wako ninayeandika haya, nilidhani ni mchezo mpya. Mzee alidhani unatufundisha tena habari za lifti iliyokwama. Basi tukafanya ulivyotufundisha. Tulikaa chini, tukatulia, hatukupiga kelele. Kasuku aliziba mdomo kwa mikono miwili.

Mtu alikuja, hapo ulisema kweli. Alikuwa jirani yetu dereva wa teksi, wa ghorofa ya tatu, anapanda na mkate kwapani. Alikutazama usoni, mkate ukamdondoka.

"Nyie watoto! Mmekaa hapa tangu saa ngapi? Mbona hamkuita mtu?"

Swali lake hatujalijibu mpaka leo, na si letu kulijibu. Ni lako.

Alikubeba mgongoni mpaka kwenye teksi. Mama alitufuata hospitali na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Muuguzi wa mapokezi alipotuona tu, kabla hajaambiwa lolote, akasema, "Jamani, si watoto wa samaki hawa?" Kisha akamgeukia Mama.

"Wewe ndiye mkewe? Pole, dada. Tulimwomba sana aje na wewe. Kila siku anatuambia una kazi nyingi."

"Aje na mimi kufanya nini?" Mama aliuliza. "Yeye si anakuja kutengeneza lifti?"

Muuguzi alimshika mkono akamkalisha kwenye benchi letu, mbele ya samaki, akamweleza. Moyo. Daktari alitaka kukulaza ili upasuliwe, na si mara moja. Kitanda kilikuwepo. Daktari alikueleza kwamba watu wengi hupona. Nawe kila mara ulikuwa na jibu moja: "Leo siwezi, nina watoto chini wananisubiri."

Sisi, Baba! Ulimwambia daktari ni sisi! Tuliokuwa chini tunabishana kama yule wa manjano tumeshamhesabu au bado! Nani alikutuma utufanye sisi kisingizio? Tungekusubiri. Tungekusubiri pale kwenye benchi mpaka samaki wazeeke, mradi ushuke. Uliogopa kisu, tunajua, hata sisi tungeogopa. Ungesema unaogopa. Ungezima taa, ukakaa chini, ukatuambia umekwama. Sisi ndio mtu wako wa kuja.

Siku hiyohiyo niliipanda lifti yao. Haikohoi. Haina ubaya wowote.

Shangazi amenikataza kuandika kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi sijaandika.

Tukupe habari za nyumbani. Mkoba wako uko nyuma ya mlango, hakuna anayeugusa, ila Mama huupangusa vumbi akidhani hatumwoni. Jumamosi hashoni. Anakaa mbele ya cherehani, mguu juu ya kanyagio, haukanyagi. Masikio yake yamepumzika vya kutosha. Nilipomuuliza tukuandikie nini kwa niaba yake, alifikiri kidogo akasema, "Mwandikieni kwamba mimi na yeye hatujamalizana." Mzee anatuuliza tunaumwa wapi, asubuhi na jioni, hata mtu akipiga chafya tu. Anachosha, lakini hatumkemei. Dereva wa teksi amekuwa mtu wa kwetu, na kila akipita ghorofa ya pili anapanda kwa sauti kubwa, anaimba vibaya, ili asikutane na ukimya ule.

Kasuku ndiye aliyetutisha. Siku ya kukuzika alipanda teksi, akaziba mdomo. Alisimama kaburini kaziba mdomo, watu wakadhani ni kilio. Tukarudi nyumbani, wageni wakaondoka, ndipo akaishusha mikono akamnong'oneza Mama.

"Mama, mbona hakuna aliyesema tumefika?"

Mama alilia pale, mara ya kwanza tangu hospitali. Alipomaliza alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja, akatuita wote, akaifuta sheria yako mbele yetu. "Kuanzia leo," alisema, "kwenye nyumba hii anayenyamaza ndiye anabaki."

Ilichukua muda, lakini Kasuku wako amerudi kuwa Kasuku. Leo ameamka akiuliza. Tunakwenda wapi? Tukamjibu, kwa Baba. Kuna ngazi? Hakuna. Baba anajua tunakuja? Mzee alisema anajua, Shangazi akasema Mungu ndiye ajuaye, nikasema akijua asijue tunakwenda. Akafunga viatu vyake, akafikiri, akauliza la mwisho.

"Sasa nani atasema tumefika?"

Tulimtazama Mama. Alikwenda nyuma ya mlango, akachukua kofia yako iliyoning'inia juu ya mkoba, akamvika. Ikamshuka mpaka puani.

"Utasema wewe," akamwambia.

Tunaokukumbuka ni mkeo mshonaji, mimi kifungua mimba wako, Mzee, Kasuku, dada yako, ambaye hakubaliani na nusu ya maneno haya lakini analia akiyasoma, na jirani yako dereva wa teksi, aliyekuja, ingawa alichelewa, na kosa si lake.

Kukukumbuka tutakukumbuka, Baba, siku zote, upende usipende. Na safari hii tunakuja tukipiga kelele.