Mtu wa Kuitwa Kwanza

Kyebando, Kampala
Jumanne asubuhi

Dada yangu mpendwa Ruqaiya,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Kisumu, wewe na shemeji Rajab na watoto, na kwamba kikohozi cha Jamilah mdogo kimekwisha. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baba anaendelea vizuri baada ya upasuaji. Jana aliketi kitandani, akamaliza bakuli zima la uji, kisha akamlalamikia muuguzi kwamba pembe za shuka hazikukunjwa inavyotakiwa. Kwa hiyo ujue anapona.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza, nami kwa woga ningesema jambo jingine. Unanijua. Barua hii nitampa jirani yetu Bi Jalia, anayepanda basi la Kisumu leo, akukabidhi mkononi. Nitaibandika gundi mara mbili, maana na yeye unamjua. Najua umewaandikia wakubwa wa makao ya wazee ukitaka Mama Hortense, msimamizi, aachishwe kazi kwa kuchelewa kutuita siku Baba alipoanguka. Kikao chao ni Ijumaa. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya siku hiyo.

Nianze nyuma kidogo. Baba alipotangaza kwamba anataka kuhamia kwenye makao ya wastaafu, Bi Jalia aliniuliza, kwa sauti iliyofika hadi dukani, kama siku hizi Wanubi nao wanawapeleka wazee wao kufugwa. Baba alimjibu mwenyewe kupitia dirishani: yeye hafugwi, anahamishwa kituo, kama serikali ilivyomhamisha mara tisa. Moyoni nilikuwa na swali lile lile la Bi Jalia. Nilikuwa nikimpikia, nikimfulia, nikimpigia pasi kanzu ya Ijumaa. Nilimkosea nini hata atake kwenda kuishi na wageni?

Tulizunguka sehemu tatu, na wewe ulikuwepo kuliko mimi niliyekuwepo. Kila tulipofika, Baba alitaka nikupigie simu ya picha, nikuonyeshe bafu, jiko, mahali pa kutawadhia. Alikuuliza wewe kama sakafu inateleza, akakuuliza wewe kama dirisha linatosha. Mimi nilikuwa mkono wa kushikia simu tu.

Mahali pa kwanza, upande wa Kira, palikuwa na maua na vigae vinavyong'aa. Baba alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango, akakitazama, hakuona vumbi. Halafu akawaangalia wazee walioketi kimya mbele ya televisheni, akaninong'oneza kwamba pasafi ni pasafi, lakini hawa wamewekwa rumande. Mahali pa pili, njia ya Mukono, watu walikuwa wema sana, ila mpishi hakuweza kueleza sufuria ipi imepika nini, na Baba akamshukuru, akavaa kofia yake. Mahali pa tatu ni pale Kasangati. Nyumba ndogo zimepangwa laini mbili zikitazama uwanja wa udongo wa murramu, kuna kengele ya chakula na daftari la wageni getini. Baba alisimama pale getini, akanyoosha koti. Nilielewa papo hapo. Mzee wetu alikuwa ameona kambi ya polisi.

Kutoka nyumba ya nne akachomoza Mzee Ochan, yule waliyekuwa naye polisi Moroto. Alimpigia saluti kwa fimbo ya kutembelea, akamuuliza kama serikali bado haijapata mtu wa kumchukua huyu Mnubi. Baba akamrudishia kwamba alidhani Waacholi wafupi kama yeye walishakwisha wote. Wakacheka mpaka Mzee Ochan akashika ukuta. Dada, kicheko kile sijakisikia nyumbani kwetu tangu Mama afariki. Nilisimama na mwavuli wa Baba mkononi, nikamwonea wivu mzee wa miaka sabini na sita.

Lakini wivu wangu kwa Ochan ulikuwa mdogo. Ule mkubwa ni kwako, nao ni wa zamani. Sweta uliyomletea anaivaa hata jua likiwa kali, na viatu nilivyomnunulia kwa mshahara wangu wa kwanza viko chini ya kitanda, bado vina karatasi ndani. Kila mgeni husikia habari za binti yake muuguzi. Mimi huambiwa nilete chai. Ukipiga simu mara moja kwa wiki huwa sikukuu. Mimi ninayerudi kila jioni ni kama saa ya ukutani, hakuna anayeisalimia.

Mama Hortense alitupokea ofisini. Ni mama mnene, mpole, mtu wa Butembo, na Kiswahili chake cha Kikongo kilimfurahisha Baba. Alimwita Papa, akamwomba aketi kwanza, mambo ya karatasi yasimchoshe. Fomu akanipa mimi, kwa kuwa nilijitapa kwamba ni karani wa wakili. Nilisoma maswali, Baba akajibu akiwa amesimama. Tukafika kwenye mstari wa mtu wa kuitwa kwanza kukitokea dharura. Mstari wenyewe ni mmoja tu. Baba hakufikiri hata kidogo, akasema Ruqaiya. Nikamkumbusha kwamba kutoka Kyebando hadi Kasangati ni nusu saa kwa boda, na Kisumu ni safari ya siku nzima. Akasema niandike Ruqaiya, kijana, kwa sauti ile ya kumwamuru kuruta. Kisha akatoka kwenda kulitazama bao la dama la Ochan. Nikaandika, nikatia sahihi, nikamrudishia Mama Hortense.

Miezi minne ilipita vizuri. Halafu Alhamisi ile Baba akateleza kibarazani akitoka kutawadha, nyonga ikavunjika. Nilikuambia jioni ile kwamba makao hayakuniita mpaka saa saba mchana. Nilikuambia pia kwamba labda Mama Hortense alikuwa ameduwaa, ndiyo maana na wewe hukupigiwa. Ukakasirika, una haki. Ulimpigia ukamfokea, na yeye akakuomba radhi.

Dada, aliniita tangu saa tatu.

Wakili Cleopas hukusanya simu zetu sote asubuhi na kuziweka kwenye mkebe wa bati wa biskuti nyuma ya kiti chake. Simu yangu ilianza kutetemeka ndani ya bati, na bati lile lina mlio kama wa ngoma. Ikanyamaza, ikaanza tena. Wakili aliinua macho juu ya miwani, akauliza ni bati la nani hilo lenye shauri la kusikilizwa. Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka. Nilijua ni simu yangu, maana ya wengine hulia tofauti, na nilijua hakuna mtu anayenipigia mara nne mfululizo kwa jambo jema. Ningeweza kunyanyuka. Niliogopa wakili, na zaidi ya wakili niliiogopa habari yenyewe. Nilipoitoa simu saa saba, nilikuta nimepigiwa mara kumi na moja. Baba alikuwa hospitali tangu saa nne, anangoja ndugu wa kutia sahihi ndipo apasuliwe. Mzee Ochan alikuwa amewaambia wote kwamba kuna binti, muuguzi, yuko Kisumu, apigiwe yeye. Hakuna aliyekuwa na namba yako. Simu ya Baba ilivunjika alipoiangukia.

Namba yako haikuwepo kwa sababu mimi sikuiandika. Kwenye ule mstari niliandika jina langu.

Baba akiwa kwenye machela alimuuliza Mama Hortense kama Ruqaiya ameitwa. Yule mama akamwonyesha fomu, na Baba akaujua mwandiko. Ulipomfokea, Mama Hortense angeweza kukuambia neno moja tu akajiokoa. Hakusema. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia kwamba kijana ana kinywa chake mwenyewe, na yeye si mtu wa kumsemea.

Juzi nilikiri mbele ya Baba, na wivu wote nikautoa, hata viatu vya chini ya kitanda. Alinisikiliza akitazama dari. Kisha akaniuliza kama nakumbuka gunia la mchele. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Wewe ulikuwa chuoni, yeye Moroto, na simu ya hospitali kuhusu Mama ikaja kwangu. Baada ya mazishi nilikuwa naificha simu ndani ya gunia la mchele ili nisiisikie. Nilidhani hakuna aliyejua. Alisema aliikuta humo akiwa anapima mchele wa hitima, akairudisha palepale, na tangu siku hiyo aliapa kwamba simu ya namna ile haitaniita tena mimi maadamu yuko mtoto wake aliyesomea kuzipokea. Alidhani ananifunika. Hakujua kwamba mimi naona ananiruka. Viatu, kumbe, vinambana, na hakutaka nijue.

Sitakudanganya kwamba wivu umekwisha. Jana ulipopiga simu akatabasamu kabla hujasema neno, nao ukanichoma palepale pa siku zote. Lakini Mama Hortense ana wajukuu watatu anaowalea Namuwongo, na Ijumaa si mbali. Tafadhali futa malalamiko yako. Maelezo yangu yenye sahihi nimeyaweka humu, pamoja na orodha ya simu zote kumi na moja na saa zake. Ukiona vema kunilalamikia mimi badala yake, sitakulaumu.

Nimeweka pia fomu mpya. Baba amesema tuamue sisi wawili. Jana nilimwambia Wakili Cleopas kwamba simu yangu haitaingia tena kwenye bati. Akaguna, akaendelea kusoma. Sasa iko mezani, karibu na mhuri. Ule mstari nimeuacha mtupu, dada. Ukiandika jina lako, nitaipeleka Kasangati bila neno. Ukiandika langu, nitapokea.

Nisalimie shemeji na watoto wote, umwambie Jamilah kwamba babu yake amemwekea kete moja ya dama. Mzee Ochan anaitafuta hadi leo. Mungu akulinde, nawe unisamehe.

Ni mimi mdogo wako,
Sulaimani